Samaki wako wadogo wanajificha? Ongeza wenzao

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe kwa simu iwe nipo kwa mteja nasafisha filta, ni hili: "Fundi, mbona samaki wangu siwaoni, nikiwasha taa tu wanakimbilia nyuma ya majani?" Na mimi kabla sijagusa maji, kabla sijauliza wanakula nini, nauliza wako wangapi. Jibu karibu kila mara ni wawili, au watatu, halafu wawili wa aina nyingine na wawili wa aina nyingine tena, yaani tanki lina samaki kumi lakini hakuna hata mmoja mwenye wenzake. Tatizo ndo hilo. Dawa yake inawashangaza watu kwa sababu ni kurudi dukani kununua samaki wengine, ila safari hii wa aina moja.

Nafanya hii kazi Dar, natengeneza matanki ya maji baridi yenye mimea hai na kuyahudumia majumbani na maofisini, na samaki ninaowapenda ni hawa wadogo wapole wa makundi: neoni, kadinali, emba, rasbora. Ni wa sentimita mbili mpaka nne na kidogo, na huko walikotoka kila kitu kinawala, samaki wakubwa, ndege, hata mabuu ya kereng'ende. Kinga yao ni wingi. Adui akiona miili hamsini inayofanana inageuka kwa pamoja jicho lake linashindwa kumshika mmoja, na macho yakiwa mengi hatari inaonekana mapema, kwa hiyo kila mmoja anapata muda wa kula badala ya kukaa macho tu. Wanafuatana kwa kuonana, na pia ubavuni wana mstari wa hisia unaonasa mtikisiko wa maji pale jirani anapogeuka. Wala sio mambo ya ajabu ya Amazon, dagaa wa Ziwa Victoria wanaishi hivyo hivyo, na kwa taarifa yako wale dagaa wana undugu na hawa danio na rasbora tunaonunua madukani, tofauti na dagaa wa Kigoma ambao ni ndugu wa sadini.

Sasa ukimweka samaki wa namna hiyo peke yake au wawili, akili yake inamwambia wenzake wote wameshaliwa. Anakataa kula, rangi inapauka, anakaa kona, na hofu ikiwa ya kila siku inashusha kinga ya mwili, ugonjwa ukija anaondoka wa kwanza. Watu wengi hutaja sita kama kiwango cha chini, mimi naona sita ni kubana matumizi. Kumi ndo nawashauri, kumi na mbili raha zaidi. Tanki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54 likijaa, ukitoa mchanga na magogo hazifiki hizo, na humo kundi moja la kumi na mbili linaishi vizuri kuliko aina nne za watatu watatu.

Halafu kuna hili ambalo video za mtandaoni zinawadanganya watu: kundi likibana sana na kwenda upande mmoja muda wote sio dalili nzuri. Samaki waliotulia wanatawanyika, huyu anachokonoa jani, yule anamfukuza mwenzake kidogo kwa majivuno, kisha gari linapiga honi nje au mtoto anagonga kioo, wanajikusanya sekunde moja, dakika mbili baadaye wametawanyika tena. Hivyo ndo inavyotakiwa. Ukiwakuta wamejibana kona moja kutwa nzima tafuta kinachowatisha. Mara nyingi kuna samaki mkubwa humo ndani.

Aina gani basi? Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ushauri mwingi wa intaneti umeandikwa na watu wa nchi za baridi ambao shida yao ni kupasha maji, wakati sisi wa pwani shida yetu ni kuyapoza. Chumba kisicho na AC, Januari na Februari, maji ya tanki yanakaa nyuzi 29, 30. Neoni anatoka mito ya juu ya Amazon, kule Peru, Kolombia na Brazil, na raha yake ni nyuzi 21 mpaka 25, ukimweka kwenye 30 mwili wake unakimbia mbio miezi yote na maisha yanakatika mapema. Ni kati ya samaki wanaouzwa sana, na kwa Dar ndo ninayemkataza zaidi. Chukua kadinali, ndugu yake wa mto Rio Negro, anayekubali 24 mpaka 28. Kuwatofautisha rahisi: mstari mwekundu wa kadinali unakwenda ubavu mzima, wa neoni unaanzia katikati kurudi mkiani. Ila kwa anayeanza wa kwanza kwangu ni rasbora halekwini, Trigonostigma heteromorpha wa Malaysia na Sumatra, yule mwenye pembetatu nyeusi ubavuni. Joto kali sana halimfai, lakini analivumilia kuliko neoni mbali, hana ugomvi na hafi kwa kila kosa dogo. Emba tetra naye ni mzuri kwa matanki madogo, hafiki sentimita tatu, rangi ya machungwa mwili mzima. Neoni waachieni watu wa Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi, na hata huko mwezi wa saba hita inahitajika usiku.

Mwenye tanki la sentimita 120 namshawishi aangalie Kongo tetra. Dume anafika sentimita nane, mapezi marefu, ubavu unabadilika bluu, dhahabu na zambarau kadiri anavyogeuka kwenye mwanga. Ni samaki wa bonde la mto Kongo, mpole kabisa, na mimi huwa nauliza kwa nini tunahangaika na ya mbali wakati jirani ana kitu kama hiki, ingawa kupatikana kwake madukani kwetu ni shughuli.

Joto lina mambo mawili mengine. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu tu, na usiku mimea nayo inavuta oksijeni badala ya kutoa, kwa hiyo mdomo wa filta uelekeze juu uso wa maji ucheze. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu bila shida, ila maji yatapungua haraka na madini yanabaki, kwa hiyo unapoongezea tumia maji laini, ya mvua kwa mfano, sio ya kisima tena. La pili ni amonia. Kinyesi na chakula kilichooza vinatoa amonia, na maji yakiwa ya moto na pH (kipimo cha asidi ya maji, ikiwa juu asidi ni ndogo) ikiwa juu sehemu kubwa zaidi inageuka kuwa ile inayoua. Ndo maana mtu wa pwani mwenye maji ya kisima akiharakisha kuweka samaki anaadhibiwa vibaya kuliko mwenzake wa Nairobi. Subiri bakteria wajijenge kwenye filta, wiki nne mpaka sita, wao wanageuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati ambayo mimea inaila. Kama una rafiki mwenye tanki zuri muombe kipande cha sponji chafu cha filta yake, utafupisha sana.

Maji yenyewe sasa. Ya bomba yana klorini, yakishakaa kwenye simtanki au ndoo wazi siku nzima klorini nyingi inatoka. Kisima ndo mtihani, kwetu huku vingi vina chokaa na vingine chumvi kabisa. Na watu wa pwani tuna ugonjwa wa kupamba tanki kwa makome na mawe ya matumbawe, jamani, hayo ni chokaa tupu, yanayeyuka taratibu na kupandisha ugumu wa maji kila siku, yanawafaa samaki wa Ziwa Tanganyika, sio hawa. Jiwe ukilitilia shaka lidondoshee siki, likitoa mapovu liache nje. Mchanga vilevile, tafuta wa mto, usiutoe ufukweni.

Kuna kitu wenzetu wa Ulaya wananunua kwa pakiti na sisi tunakifagia: majani ya mti wa mkungu. Okota yaliyokauka na kuanguka yenyewe, mbali na barabara, yasuuze, weka mawili matatu, maji yanapata rangi ya chai ya rangi na kadinali wanachangamka maana Rio Negro yenyewe ndo ilivyo. Usitegemee yashushe pH kwenye maji yenye chokaa, hayatashusha, ila mwanga unapungua ukali na samaki wanatulia.

Mimea iwe mingi nyuma na pembeni, katikati pabaki wazi pa kuogelea. Samaki mwenye pa kukimbilia ndo anayethubutu kutoka, kwa hiyo ukitaka kuwaona panda zaidi, usipunguze. Anubias, ambayo kwao ni Afrika ya magharibi na kati, inaridhika na mwanga hafifu, ifunge kwenye gogo kwa uzi na usifukie ule mzizi mnene maana utaoza. Kripto, mmea mwingine wa majini, ikihamishwa inamwaga majani yote, usiing'oe, inarudi. Rasbora wanataga chini ya majani yake mapana. Taa saa nane kwa siku kwa taima, ukizidisha unalima mwani.

Majirani: angelfish anameza kadinali akikua, tiger barb anakata mapezi, na mbuna wa Ziwa Nyasa humo ni vurugu tupu. Korido, yaani kambare wadogo, sita chini kwenye mchanga sawa, nao ni wa kundi, ukiona wanapanda juu kuvuta hewa mara mojamoja usishtuke, ni kawaida yao.

Umeme ukikatika pampu ndogo ya betri inaokoa maisha. Ukikatika saa nyingi, sponji ya filta isuuze kwenye maji ya tanki kabla hujawasha, bakteria waliokufa humo ndani watarudi kama sumu.

Siku ya kununua angalia tanki zima la duka, sio wale unaowataka tu. Kadinali au neoni mwenye kipande cheupe mgongoni, rangi imekatika kama imefutwa, huenda ana kimelea kiitwacho Pleistophora, ugonjwa wake hauna tiba, na humo usinunue hata wazima. Asubuhi taa ikiwaka wakiwa wamepauka wote usiogope, usiku rangi inafifia, inarudi muda si mrefu. Ukifika nyumbani elesha mfuko dakika kumi na tano, ongeza maji ya tanki kidogokidogo, kisha wavue kwa wavu na maji ya dukani yamwage sinki. Weka sita kwanza, waliobaki baada ya wiki mbili, filta ipate nafasi ya kuzoea. Siku wanayoingia usiwashe taa wala usiwape chakula, hawatakula na kitaoza tu.