Samaki-kandili si mukene

Mukene, yule samaki mdogo wa rangi ya fedha wa Ziwa Viktoria, ameitwa tena "samaki taa", na safari hii ikaongezwa kwamba ni jamaa ya wale wanaowaka kwenye vilindi vya bahari. Si jamaa yao. Hao wanaowaka ni samaki-kandili: samaki wadogo wa bahari kuu, familia ya Myctophidae, spishi zipatazo 250, wengi hawafiki sentimita 15. Mchana hukaa chini mita mamia kadhaa, usiku hupanda kufuata chakula. Mukene ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na Ziwa Viktoria lina kina cha takriban mita 80 tu.

Kinachochanganya watu ni taa. Mukene anaifuata, samaki-kandili anayo mwilini. Kwenye mialo ya wavuvi kama Kiyindi, Uganda, taa huwashwa juu ya maji usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa humezwa, mukene hawakusanyiki, na wavu hutoka mwepesi. Ule mng'ao wa fedha ubavuni mwake ni mwanga wa mvuvi mwenyewe, unarudishwa na fuwele ndogo za ngozini kama kioo. Zima taa, humwoni. Samaki-kandili ana vifuko mfano wa shanga, vimejipanga safu tumboni na ubavuni. Ndani yake kemikali huungana na oksijeni ikatoka nuru ya buluu isiyo na joto. Nuru hiyo ya tumboni hulingana na mwanga hafifu unaoshuka kutoka juu, kwa hiyo adui aliye chini hakioni kivuli chake. Mpangilio wa shanga hutofautiana, na ndio unaotenganisha spishi na spishi.

Jina la kisayansi la samaki-kandili lenyewe halina taa hata kidogo. Myctophum, lililotolewa na mtaalamu wa viumbe Rafinesque mwaka 1810, ni Kigiriki: mykter, pua, na ophis, nyoka. Nasi tukisema "samaki taa" tunajikwaa mara ya pili, maana Kiswahili cha pwani kina taa wake tangu zamani: yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi. Mtu wa Mombasa atamfikiria huyo, si mwingine. Kandili haina utata huo.

Basi mukene abaki mukene, au dagaa ukiwa Mwanza, omena ukiwa Kisumu. Ukitaka kutaja na uvuvi wake, sema "mukene wa kuvuliwa kwa taa".