Riwaya ikikwama, tatizo haliko pale ulipoishia

Mimi nahariri miswada ya Kiswahili hapa Kampala na karibu kila mwandishi anayenitafuta ana shida ileile. Ameandika sura nane, tisa, zilikuwa zinakuja zenyewe, alikuwa halali kwa raha ya kuandika, halafu kimya. Miezi inapita, faili liko kwenye laptopu na hataki hata kulifungua. Wengi wanadhani kipaji kimeisha, wengine wanasema ni kazi, ni watoto, ni umeme unakatika kila jioni. Hayo yapo, sikatai, lakini umeme ulikuwa unakatika hata wakati wa sura ya kwanza na bado aliandika kwa tochi ya simu.

Nikiletewa muswada kama huo siendi kwenye ukurasa wa mwisho. Narudi nyuma sura mbili tatu, kwa sababu mara nyingi hadithi huwa imeshakatika huko, mwandishi akaendelea kwa ile kasi aliyokuwa nayo mpaka ikaisha. Natafuta vitu viwili tu: wapi mhusika alipata anachokitaka mapema mno, na wapi alifanya jambo zito halafu hakuna mtu aliyemdai.

Nitoe mfano, mwenyewe ameniruhusu nisimulie bila jina lake. Ni mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake alikijulia jeshini kama wazee wengi wa hapa, na anajua kusimulia kweli. Riwaya yake inahusu dereva wa lori anayetoa mzigo Malaba, mpakani na Kenya, kupeleka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, anapitia Mbale, Soroti, Lira, na taniboi wake ni mdogo wake wa tumbo moja. Usiku mmoja wakiwa wamelala Kamdini mzigo unaibiwa. Sura ya sita dereva anagundua kwamba mdogo wake ndiye aliyewauzia wezi habari, sura ya saba mdogo analia anaomba msamaha na kaka anasamehe, ya nane wanaenda kumwona bosi, ya tisa wako Gulu wanakunywa chai wanaongea habari za mama yao. Hapo ndo kalamu ikagoma. Mzee alihangaika sana na hiyo chai, akaiandika asubuhi, akaiandika jioni, akaleta mvua, akaleta askari wa trafiki, wapi.

Nikamwambia mzee wangu, chai haina kosa, tuongee huu msamaha wa sura ya saba maana umekuja bure kabisa. Mzigo nani analipa? Dereva akinyamaza anafungwa yeye, akisema anamfunga mtoto wa mama yake, na mama bado yuko hai anasubiri pesa ya shamba. Hapo kuna sura kumi zimelala na yeye alizifunga kwa machozi ya ukurasa mmoja! Akakata kuanzia msamaha mpaka chai, iliuma, nilimwona, lakini akarudi Kamdini usiku ule, dereva ameshika simu ya mdogo wake na ameshaziona meseji, mdogo amelala kwenye siti hajui kitu, na simu ya bosi inaita. Hakuhitaji tena mtu wa kumsukuma.

Kitu ninachowaomba watu wasifanye ni kurudi sura ya kwanza kuipiga msasa. Naelewa inavyovutia, unajisikia unafanya kazi, lakini matokeo yake naletewa miswada yenye sura ya kwanza inayong'aa na sura ya saba imelala palepale. Soma sura mbili tatu za mwisho tu, chukua karatasi, andika kila mhusika saa hii anataka nini, anajua nini, na anamficha nani. Yule ambaye huna la kumwandikia ndiye aliyekukwamisha.

Kupumzika nako kunasaidia, ila siyo kupumzika kwa kukaa tu. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alianza riwaya yake ya Huckleberry Finn mwaka 1876, akaandika mamia ya kurasa kwa mkono, akaiweka kando. Akawa anairudia na kuiacha, mwaka 1882 akasafiri tena kwenye mto Mississippi wenyewe, mwaka uliofuata akaimaliza, ikatoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani mapema 1885. Kwa hiyo kama hadithi yako iko Malaba na wewe uko Ntinda hapa Kampala, panda gari ukakae na madereva kwenye foleni ya mpakani uwasikilize wanavyolalamika, utarudi na sura.

Halafu kuna jambo la lugha ambalo kwetu Uganda ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tangu baraza la mawaziri lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 naona walimu wengi wanajaribu riwaya, na wanaanza na Kiswahili cha vitabuni, kila mtu anaongea kama yuko kwenye taarifa ya habari, mpaka muuza ndizi wa soko la Owino. Sura tatu za kwanza unaweza kubeba hiyo, ukifika ya nane umechoka kwa sababu huwasikii tena watu wako wanaongea. Waache waongee wanavyoongea, mtu achanganye Kiluganda chake, aseme ssebo badala ya bwana, msomaji wa huku anaelewa na wa Dodoma ataelewa kwa muktadha. Nimeona muswada umefufuka kwa kubadilisha mazungumzo peke yake.

Ila ukijaza ile karatasi ukakuta kweli hakuna anayetaka kitu tena, wote wameshalipa wameshalipwa, basi soma upya sura ya mwisho uliyoandika kama msomaji. Mwalimu mmoja wa Busia aliniletea kurasa kama tisini akilia kwamba amekwama, na mimi nilisoma nikaona hajakwama popote, amemaliza, tatizo ni kwamba alishajiwekea kichwani kuwa riwaya lazima ifike kurasa mia tatu. Tuliongeza aya mbili mwishoni akapeleka kwa wachapaji wa Nasser Road hapa Kampala.