Sweta la sufu likirudi, maji ya moto yanasingiziwa

Sweta la mtumba lenye lebo ya sufu huingia kwenye mashine likimtosha mtu mzima, likatoka la mtoto wa chekechea. Lawama zote huenda kwa maji ya moto.

Lakini viwandani sufu hutiwa rangi kwenye maji yanayokaribia kuchemka na hutoka salama, mradi isikorogwe ovyo. Mkosaji mkuu ni msuguano. Sufu ni nywele, na kila unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopandana kama vigae, yote yakielekea nchani. Ukiupapasa kutoka shinani kwenda nchani, unateleza. Kinyume chake, unakwama. Kwa hiyo ukifikicha sufu iliyolowa, unywele husogea upande mmoja tu, kule liliko shina lake. Haurudi nyuma. Unajipenyeza kati ya wenzake mpaka zote zikabanana. Joto na sabuni kali huharakisha tu. Hata kwa maji baridi, fikicha kama unafua jinzi uone.

Mbona basi kondoo hanywei akinyeshewa? Nywele zake zimeshikwa na ngozi, zimelala upande mmoja, tena zina mafuta.

Wengine husema lowanisha, vuta, litarudi saizi yake. Hilo ni kweli kama uzi uliovutwa kiwandani umelegea tu, ukarudia ufupi wake. Nywele zikishabanana hadi huoni tena vitanzi vya ufumaji, hakuna dawa. Losheni ya nywele inayosifiwa sana hulainisha, haifumui.

Kuna pia wanaoapa kwamba sufu haiingii kwenye mashine kabisa. Soma lebo. Ipo iliyopunguzwa magamba kwa klorini kiwandani, kisha ikapakwa utando mwembamba wa plastiki. Hiyo isikupe ujasiri wa kumwaga jiki: jiki huyeyusha sufu yenyewe.

Na si kila sweta zito ni sufu. Mengi ya shule ni akriliki. Chomoa kauzi mshononi, ukachome: sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Ikiwa ni sufu, tumia maji vuguvugu na sabuni laini. Bonyeza, usisugue. Usilikamue; liviringishe ndani ya taulo, kisha lianike likiwa limelazwa.

Lililokwisha kuharibika usilitupe. Wamongolia hugandamiza sufu makusudi wakaezekea mahema yao, na nyundo za piano huvikwa sufu ya namna hiyo. Ukilikata halichomoki nyuzi, kwa hiyo hata ndara za nyumbani zinatoka.