Heka siyo hekta jamani, kuna t hapo katikati

Msimu wa watu kusaka mashamba ya parachichi umerudi, huku Njombe na kule Rungwe simu za madalali hazipoi. Kuna jamaa katoka Dar, kaambiwa kwenye simu kuna heka 10, yeye kichwani kapiga hesabu ya hekta 10, kufika shambani anaona padogo akaanza kuwaka kwamba kapigwa. Hajapigwa na mtu, ni hiyo t tu.

Wengi wanaamini heka ni hekta iliyofupishwa. Siyo kweli. Heka ya mtaani ni ekari, kipimo cha Waingereza, ndo maana wengine wanasema eka bila hata hiyo h. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Hekta ni 10,000, yaani mita 100 kwa 100, kubwa kuliko kiwanja cha mpira, kwa hiyo ndani yake zinaingia heka mbili na karibu nusu. Sasa chukua kipeperushi cha mahindi kinachosema mbegu kilo 25 kwa hekta halafu umwage zote kwenye heka yako moja, wakati kilo 10 zingetosha!

Na zile hatua 70 kwa 70 za wazee za kupimia heka siyo mita 70. Mita 70 kila upande inakupa 4,900, hapo muuzaji kalia. Hatua ya mtu mzima ikiwa kama sentimita 91 hesabu inaangukia kwenye ekari vizuri tu (ukiwa mnunuzi nenda na mpwa wako mrefu).

Wengine wanadhani hilo "hekt" lina maana ya ardhi. Hapana, ni mia tu, limetoka Kigiriki, Wafaransa wakalikatakata wakaliweka kwenye sheria yao ya vipimo ya 1795 pamoja na kilo, ambayo ni elfu. Kipimo chenyewe cha ardhi kilikuwa ari, mita za mraba 100, ari mia ndo hekta. Wapika bia wanahesabu hektolita, ni lita 100, hakuna shamba hapo.

Kilo nayo tumeifanya uzito, ukisema kilo mbili za viazi hapo Uyole hakuna anayeuliza kilo za nini, gramu tuliitupa zamani. Ila kilomita je, kilowati je? Na siyo sisi tu, Mwitaliano buchani anaomba "etto" mbili, hekto ileile, anapewa gramu 200.

Halafu ile "ha" kwenye karatasi za shamba. Watu wanaisoma heka. Ni hekta, kwa hiyo ukikuta 2.5 ha hizo ni heka 6 na ushee, usikubali kulipwa za mbili na nusu.