"Mali ya pamoja" si "nusu kwa nusu"

"Marekani mkiachana, mwenzako anaondoka na nusu." Anayesema hivyo akibanwa hutaja sheria ya mali ya pamoja. Sheria hiyo ipo, ila haisemi hivyo.

Mali ya pamoja ni utaratibu wa umiliki. Anachochuma yeyote kati ya wanandoa ndani ya ndoa ni cha wote wawili, hata hati ikiwa na jina moja. Alichokuwa nacho mtu kabla ya ndoa, alichorithi au kupewa zawadi hubaki chake. Majimbo yenye utaratibu huu ni 9 tu: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin.

Umiliki ni swali moja, mgawanyo ni jingine, na hata majimbo hayo 9 hayagawi kwa namna moja. California inamtaka jaji agawe sawa kwa sawa, madeni yakiwemo, isipokuwa wanandoa wameandikiana vingine. Texas ina mali ya pamoja vilevile, lakini jaji wake hutakiwa kugawa kwa haki tu: huangalia kipato cha kila mmoja, watoto wanabaki na nani, hata nani aliyesababisha ndoa kuvunjika. Mmoja kuondoka na asilimia 60 si ajabu. Majimbo mengi yaliyobaki hayana mali ya pamoja kabisa. Nayo hugawa kwa haki, na Massachusetts hata urithi unaweza kuguswa.

Urithi wenyewe huponza wengi. Ukiuweka kwenye akaunti ya wote wawili, ukachanganyika na mishahara, ni juu yako kuonyesha kwa taarifa za benki ipi ilikuwa fedha yako. Usipoweza, Texas na California huihesabu kuwa ya pamoja.

Halafu jimbo mlikofungia ndoa haliamui. Kwa kawaida hutumika sheria ya jimbo linalosikiliza shauri. Nevada hupokea shauri mmoja wenu akiwa ameishi huko wiki 6. California inataka miezi 6 jimboni na 3 katika kaunti.

Kwa hiyo "nusu kwa nusu" ni kauli sahihi kwa aliye California, tena kwa kilichochumwa ndani ya ndoa. Jamaa wa Houston, Texas, aambiwe nusu ni makadirio, na jaji anaweza kuyapita.