Kabla hujaifua leso ya nyanya

Kazi yangu ni kuhifadhi nguo kuukuu, na hapa Mombasa ninazoletewa zaidi ni leso, yaani kanga. Huja baada ya arubaini, zimesokomezwa kwenye mfuko wa plastiki, mkononi mwa binti aliyefungua kasha la marehemu. Swali ni lilelile: doa hili litatoka?

Mwezi uliopita dada mmoja alileta mbili za nyanyake. Ya kwanza kisutu, ile ya bibi harusi, nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, mji, sehemu yake ya kati, umepauka kwa kuvaliwa. Pembeni pana doa la mafuta ya nazi lililokwisha kuwa kahawia. Ya pili ilikuwa doti nzima, leso mbili zilizoungana, haijakatwa wala kupindwa, dondo la dukani, ule wanga wa kukazia nguo, bado linakwaruza vidole. Juu ya pindo, "Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina, wafanyabiashara wa Mombasa tangu 1887. Jina lake, yale maneno yaliyochapwa: "Hasidi hana sababu."

Alitaka kisutu kiwe kama kipya, na doti aigawe.

Nikamuuliza doti ilinunuliwa na nani. Hakujua. Akampigia mama mkubwa papo hapo. Mama mkubwa akacheka, kisha kimya. Wifi ndiye aliyemletea nyanya leso ile, siku ya arusi ya watu, mbele ya wageni. Nyanya akashukuru, akaifungia kashani. "Ndiyo maana mamako hakukanyaga nyumba ya wifi yule." Dada amekua akijua nyumba ile haiendwi, sababu hakuambiwa.

Basi doa sikuligusa. Mafuta ya miaka hiyo yameshikana na uzi, na jiki ingekula uzi kabla ya doa. Isitoshe, ndipo walipolala watoto. Dondo ndilo nililotoa, maana huita wadudu. Ila kwanza nilijaribu rangi kwa pamba nyeupe iliyoloweshwa, kwa kuwa nyekundu za zamani huchuja. Plastiki niliitupa, inafungia unyevu wetu wa pwani na kuleta kuvu. Nikazifunga kwa marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa zisigusane na mbao za kasha, nikamwambia abadilishe mikunjo kila baada ya miezi michache. Mkunjo usiohama hukata nguo kama wembe.

Alipokuja kuzichukua aliikunjua ile doti, akaisoma tena, akaniuliza kama nina mkasi. Wenzangu wa makumbusho watanilaumu. Nilimpa.