Catalina ya Mingan na watu walioiona ikizama

Nikitaja kazi yangu, swali la kwanza huwa lilelile: bahari yote hiyo, mnaijuaje ndege iliyozama ilipo? Mtu anatarajia nianze na mitambo. Mitambo ipo, nitaifikia. Ila katika fani yetu ya akiolojia ya chini ya maji, safari nyingi huanzia kwa mvuvi aliyeketi anashona nyavu, naye wala hajui kwamba anacho unachokitafuta.

Mfano ninaoupenda uko mbali na kwetu: Longue-Pointe-de-Mingan, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Quebec nchini Kanada, pwani ya kaskazini ya ghuba ya St. Lawrence. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa ikitengeneza njia ya anga ya kupeleka ndege Ulaya kupitia kaskazini-mashariki mwa Kanada, na hapo kijijini palikuwa na uwanja wa ndege wa njia hiyo. Tarehe 2 Novemba 1942 ndege ya majini ya jeshi la Marekani, aina ya Catalina, ilikuwa inaondoka hapo na watu 9. Bahari ilikuwa imechafuka. Rubani alijaribu kuruka, ikashindikana. Alipojaribu tena, ndege ikapigwa vibaya na wimbi, maji yakaanza kuingia.

Nisimame kidogo hapa, maana wengi hudhani ndege ya majini haina cha kuogopa majini. Tumbo la Catalina ni dau kamili. Lina mkuku chini, ule uti wa mgongo wa chombo, na ndani limegawanywa vyumba kwa kuta zenye milango ya kufunga, ili kimoja kikijaa maji vingine vibaki vikavu. Chini ya tumbo, karibu na katikati, pana kidato kama ngazi moja. Kazi yake ni kuyakata maji yasiendelee kuling'ang'ania tumbo. Ndege ikishika kasi hupanda juu ya maji na kuteleza kwa sehemu ndogo tu, kisha hujinasua. Kwenye maji yenye viwimbi vidogo kazi hiyo ni nyepesi. Hata bahari ikilala kama kioo ni taabu, kwa kuwa maji matulivu mno hushika. Lakini mawimbi makubwa ndiyo yanayoua. Kabla ya kuinuka, ndege inakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na kwa kasi hiyo wimbi halina ulaini wa maji tena. Ni ukuta. Likiipiga omo, yaani sehemu ya mbele, kabla mabawa hayajapata nguvu ya kuibeba, mabati ya alumini hupasuka, na zile kuta za ndani hazisaidii kitu ikiwa vyumba viwili vitatu vimefunguka kwa pamoja.

Watu 4 walitoka. Wavuvi wa kijiji walikuwa wakitazama kutoka ufukweni, wakashusha vijiboti vyao katika bahari ileile iliyoishinda ndege yenye injini mbili za nguvu za farasi 1,200 kila moja, wakapiga makasia hadi kwao wakawaokoa. Wengine 5 walizama na ndege.

Basi huwezi kusema ndege hii ilipotea kama zile zinazoondoka asubuhi na redio zikanyamaza. Ilizama machoni pa watu. Kilichopotea ni mahali pake hasa, na baharini tofauti ya mita mia chache yatosha kukuzeesha. Hati za jeshi zitakuambia kijiji, tarehe na majina. Mvuvi atakuambia mnara wa kanisa ulikaa juu ya nini alipoiona kwa mara ya mwisho.

Hilo la mnara si mapambo ya maneno. Wavuvi duniani kote hulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnazi na msikiti, jiwe na paa la nyumba, kisha alama nyingine mbili za upande mwingine, na pale mistari inapokatana ndipo penye mwamba wake wa samaki. Mimi mwenyewe niliwahi kulidharau hili. Miaka ya mwanzo ya kazi, kusini mwa pwani yetu, mzee mmoja alinielekeza penye kitu kilichokuwa kikimla nyavu. "Mwanangu," aliniambia, "ukiona mbuyu umeufunika ule mnara, tia nanga." Nikamwitikia kwa adabu, kisha nikaenda kufuata ramani yangu. Siku 2 za mafuta na posho za watu zikaishia kwenye rundo la mawe. Siku ya tatu nilirudi kwake na sukari kilo mbili na aibu yangu. Mbuyu ulipoufunika mnara, tukatia nanga, na chini palikuwa na chombo cha mbao cha zamani.

Sasa mitambo. Sona tunayoitumia sana ni ile inayokokotwa nyuma ya boti kwa kamba, ikipiga sauti kulia na kushoto na kuchora sakafu ya bahari kwa mwangwi unaorudi. Mgeni hutazama kile kinachong'aa. Mzoefu hutazama kivuli. Kitu kilichosimama huizuia sauti isifike nyuma yake, na urefu wa kivuli hicho hukupa kimo chake. Mwamba una kivuli cha ovyoovyo. Kazi ya mkono wa mtu ina mistari iliyonyooka. Catalina ina umbo lake pia: bawa moja refu, karibu mita 32 ncha hadi ncha, limewekwa juu ya nguzo, na mwili umening'inia chini yake. Ikipinduka, bawa hukaa chini na tumbo lenye mkuku hutazama juu, kama dau lililopinduliwa ufukweni lipakwe shahamu.

Ndivyo ilivyokutwa ile ya Mingan. Mwaka 2009 wanaakiolojia wa majini wa idara ya hifadhi za taifa ya Kanada, ambao visiwa vya Mingan viko chini ya uangalizi wao, waliipata ikiwa kichwa chini miguu juu kwenye kina cha mita 40 hivi, yaani pima 22, mwili wake ukiwa haujasambaratika. Miaka 67 majini!

Kuna sababu. Maji ya pale ni ya baridi kali, na viumbe wanaokula vitu huenda polepole katika baridi. Kina hicho kiko chini ya vurugu za mawimbi. Tope likiingia ndani ya mwili wa ndege hufukuza oksijeni, na bila oksijeni hata ngozi na karatasi zaweza kudumu miongo. Kwenye maji yetu ya vuguvugu matumbawe yangeshajenga nyumba juu ya injini. Alumini nayo ina kisirani chake: ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, yenyewe ndiyo huliwa kwanza, kwa hiyo kila penye msumari wa chuma pana kidonda.

Kwa kuwa ndani kulikuwa na uwezekano wa miili, Wakanada hawakuanza kuchokonoa. Hapa nawavulia kofia. Ndege ya kijeshi hubaki mali ya dola iliyoirusha hata ikizama katika maji ya watu wengine, na penye wafu inakuwa kaburi kabla haijawa kitu cha makumbusho. Wakaiarifu Marekani. Mwaka 2012 ikaja meli ya uokozi Grapple na wazamiaji wa kijeshi, pamoja na JPAC, kikosi kilichokuwa na kazi ya kuwatafuta wapiganaji wasiojulikana walipo. Mabaki ya watu yakapatikana, yakapelekwa maabara ya kikosi hicho Hawaii kutambuliwa. Kazi ya mita 40 ni ya kuhesabu pumzi. Kwa hewa ya kawaida unapata kama dakika 10 tu chini kabla ya kudaiwa vituo vya kupumzika wakati wa kupanda, na akili yenyewe kwenye kina hicho huanza kulewa.

Wala Mingan si peke yake. Pembroke Dock huko Wales, ndege ya majini aina ya Sunderland, namba T9044, ilizamishwa na dhoruba ikiwa imefungwa kwenye boya lake mwezi Novemba 1940. Ilikuja kujulikana ilipo mwaka 2000, baada ya madema ya kambakoche kunasa chini. Sona hapo ilifuata nyuma ya dema.

Huwa naikumbuka hadithi hii kila nikipita Kipevu, Mombasa. Leo ni makontena na meli za mafuta, lakini wakati wa vita palikuwa kituo cha Catalina za jeshi la anga la Uingereza, zilizokuwa zikiwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Ziliruka na kutua mbele ya macho ya wavuvi, makuli na watoto waliokuwa wakiogelea. Nimeanza kuwatafuta wazee wa Mombasa na Likoni niwaulize waliona nini, zilifungwa wapi, nyavu zilikuwa zikinasa upande gani. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1943 sasa ameshapita 90.